Mbegu Isiyo na Masurufu

Miongoni mwa mimea yote ambayo Mwenyezi Mungu ameieneza juu ya uso wa ardhi ni vigumu kuutaja ambao mbegu yake imetoka mikono mitupu kuliko mbegu ya okidi. Kwani punje ya ufuta, au ya wimbi ulimwao viungani mwa Arua hapa Uganda, ijapokuwa ni ndogo, humwacha mama yake ikiwa imefungiwa chakula cha kutosha siku zake za kwanza, ilhali mbegu ya okidi hutupwa duniani kama vumbi, ganda jembamba lililofumbata chembe chache za uhai, haina akiba ya kutosha ya kujilisha, na upepo huichukua popote upendapo. Tunda moja kavu huweza kubeba maelfu ya mbegu hizo, na katika jamii nyingine mamilioni. Charles Darwin, katika kitabu chake juu ya okidi kilichotoka mwaka 1862, alikadiria mbegu 6,200 katika tunda moja la okidi ya Uingereza, kisha akapiga hesabu kwamba lau zote zingeota na kuzaa, vitukuu vya mmea mmoja vingekaribia kuitandika nchi kavu yote ya dunia. Nchi haikutandikwa. Takriban mbegu zote hufa, na mwenye kuamini kwamba kila kiumbe kimeandikiwa riziki yake hana budi kusimama hapa na kuuliza ni riziki gani hii iliyoandikiwa kiumbe ambacho hakikupewa hata masurufu ya siku moja.

Jawabu la jinsi mbegu hii inavyoishi lilikawia sana kupatikana. Watunza bustani wa Ulaya walikuwa wakinyunyiza vumbi hilo shinani pa mmea mama, na mara nyingine miche ikaota, mara nyingi isiote, wala hapakuwa na aliyeweza kueleza sababu. Mwaka 1899 kijana Mfaransa, Noël Bernard, akiwa bado katika utumishi wa jeshi, alikuta katika msitu wa Fontainebleau miche michanga ya okidi moja isiyo na rangi ya kijani, imeota ndani ya majani makavu yaliyofukiwa, na alipoitazama kwa hadubini aliona kwamba kila mche umeingiwa na nyuzi za kuvu. Akatambua kwamba mbegu ile hulala ikingoja mgeni. Kuvu huipenya kana kwamba imekuja kuila, hujikunja vifundo vifundo ndani ya chembe zake, kisha mbegu huvimeng'enya vifundo vile na kujipatia sukari ambayo haikurithi kwa mama yake. Basi aliyekuja kula huliwa, na kutokana na kuliwa kwake hutoka jani la kwanza na mzizi wa kwanza. Bernard alifariki mwaka 1911, hajatimiza miaka arobaini, na watu wengi wakabaki na yakini kwamba pasipo kuvu hakuna okidi.

Yakini hiyo ilivunjwa mwaka 1922. Lewis Knudson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell katika Marekani, alichukua mbegu za okidi, akazisafisha kwa dawa mpaka pasibaki kijidudu chochote, akazipanda ndani ya chupa juu ya jeli itokanayo na mwani, iliyochanganywa na sukari na chumvichumvi za ardhini, akaiziba chupa. Kuvu haikuwapo, na mbegu zikaota. Tangu hapo maabara za nchi nyingi huzalisha okidi kwa njia hiyo, na mtu akaaye Arua au Koboko, mbali na bandari na mbali na bustani mashuhuri za wafalme, anaweza leo kufikiwa na chupa moja mkobani mwa msafiri atokaye Nairobi au Entebbe, ndani yake miche thelathini au arobaini ya kimo cha ukucha, kijani kibichi, imesongamana juu ya jeli yake. Waganda si wageni wa jambo hili, kwa kuwa migomba izalishwayo kwa chupa katika kituo cha utafiti cha Kawanda imekwisha kuingia mashambani, na mihogo pia husafishwa virusi kwa njia hiyo hiyo. Ila mgomba na muhogo twavipanda ili tule, na njaa haimpi mtu nafasi ya kuuliza maswali ambayo ua humpa.

Swali lenyewe niliulizwa Koboko, baada ya swala ya alasiri, na sheikh mmoja mtu mzima, wa nasaba ya Wanubi, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za Bernard na Knudson nikidhani nitamburudisha.

"Mwanangu," akasema, "mbegu hiyo Mola aliipa mwenzi wa kuilisha. Nyinyi mmemwondoa mwenzi, mkatia sukari. Mche ukiota, ni kazi ya nani?"

Nikamjibu, "Sheikh wangu, ni kazi ya Mungu."

"Hilo ni jibu jepesi, hata asiyefikiri hulitoa. Mimi nakuuliza juu ya kuvu. Ikiwa ndiyo sababu, mbona haikuhitajiwa? Na ikiwa haikuhitajiwa, mbona iliwekwa?"

Sikuwa na la kumjibu saa ile. Nimelichukua swali lake mpaka nyumbani Arua, na haya niyaandikayo ni jitihada ya kumjibu kwa heshima aistahiliyo; maana swali hili ni la kale, na wakubwa wametangulia kulijadili. Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu cha Tahafut alichokimaliza Baghdad mwaka 1095, aliwapinga wanafalsafa waliosema kwamba moto, kwa dhati yake, hapana budi uunguze pamba. Kwake yeye tukionacho ni pamba kuungua wakati moto ulipo. Kwamba moto ndio uunguzao ni jambo ambalo jicho halikuliona, bali limezoea kulidhani, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameiendesha ada yake hivyo, na angalitaka angaliiendesha vinginevyo. Ibn Rushd wa Qurtuba, karne iliyofuata, alimjibu kwa ukali kwamba mwenye kuziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwani kujua kitu si chochote ila kukijua kwa sababu zake.

Nadhani okidi ya chupani inawatolea ushahidi wote wawili, na ushahidi huo ndio unaonituliza. Inamshuhudia Ghazali, kwa kuwa kifungo ambacho watu wengi walikiona hakiepukiki, mbegu na kuvu, kilifunguliwa kwa kijiko cha sukari. Tulikuwa tumeiona ada tukaiita lazima. Walakini inamshuhudia Ibn Rushd pia, kwa kuwa Knudson hakuiotesha mbegu juu ya kitu kisichokuwapo. Alipoiondoa kuvu alitia mahali pake sukari kwa kipimo, na pasipo sukari mbegu zake zingekufa kama zifavyo zile zinazoanguka juu ya jiwe. Basi kuvu haikuwa sababu kwa kuwa ni kuvu. Ilikuwa sababu kwa kuwa ilishika kazi ya kuleta chakula mahali ambapo hapana mwingine wa kukileta. Sheikh ameuliza mbona iliwekwa: iliwekwa kwa kuwa msituni hakuna Knudson. Na ameuliza mbona haikuhitajiwa: ilihitajiwa, ila aliyeiondoa alikaa katika nafasi yake, akajitwika kazi yake, ajue au asijue.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana naona kwamba wengi wajadilio kazi za maabara hugombania jambo moja tu, nalo ni nani asifiwe. Mcha Mungu huchelea binadamu asijitie katika kuumba. Na kijana aliyesoma sayansi huweza kuona kwamba chupa imethibitisha kuwa Muumba si wa lazima. Wote wawili wanazungumza juu ya sifa. Mimi naona usababu si sifa, ni wadhifa, na wadhifa una dhima. Aliyemwondoa mlinzi mlangoni akakaa yeye hana haki ya kusinzia. Tena kazi ya kuvu haiishi siku mbegu inapoota. Katika maumbile hubaki mizizini mwa okidi nyingi maisha yao yote, ikiziongezea maji na madini wakati wa kiangazi. Ikiwa hiyo ndiyo nafasi tuliyoikalia, basi hatukukalia nafasi ya siku moja.

Wazee wa Kilugbara, kabla dini za kitabu hazijatia mizizi huku, walikuwa na fikira ambayo John Middleton, aliyekaa nao miaka ya mwisho ya arobaini na ya mwanzo ya hamsini, aliieleza katika kitabu chake juu ya dini yao kilichotoka mwaka 1960. Walimjua Adroa, muumba aliye mbali mbinguni, mwema. Na walimjua Adro, upande wa pili wa uungu huo huo, aliye karibu, akaaye vijitoni, vichakani na katika miti mikubwa, naye walimwogopa. Sisemi kwamba itikadi hiyo ni sawa na tauhidi, wala sitaki kuichanganya na isiyo yake. Lakini kuna jambo wazee wale waliliona kwa usahihi mkubwa: kwamba hatari iko upande wa karibu. Aliye mbali hutoa uhai kwa ujumla. Mkono ulio karibu ndio uwezao kuudhuru, kwa kuwa ndio unaougusa. Na okidi, katika nchi hii, makao yake ni huko huko karibu, vijitoni na juu ya miti mikubwa, mahali ambapo wazee walipita kwa adabu.

Sasa mkono unaougusa mche wa chupani unagusa kitu cha namna gani? Mche ule umekulia katika hewa iliyoshiba maji, haukuwahi kukutana na upepo. Jani lake halina nta ya kutosha juu yake, kwa kuwa halikuhitaji kujifunika. Na vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, ambavyo kwa mmea wa nje hufunga wakati wa ukavu, kwake havijajua kufunga. Mizizi yake iliota ndani ya jeli na mingi itakufa, ije mipya inayojua kushika gome na mkaa. Umelishwa sukari tangu kuzaliwa, hata kazi ambayo ndiyo fahari ya kila kitu cha kijani, ya kujitengenezea chakula kutokana na nuru, unaifanya nusunusu. Mche huo ni mzima, wala hauna ugonjwa. Lakini uzima wake wote umo katika kizibo cha chupa, na ukiutoa Arua mwezi wa Januari, wakati mvua zimekoma na upepo mkavu unazunguka na vumbi jekundu, utanyauka kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo mwenye busara huingoja mvua ishike barabara ndipo aifungue chupa. Huitoa miche kwa maji ya uvuguvugu, akaiosha jeli yote kwa ncha za vidole, kwa subira, maana jeli ina sukari na sukari iliyobaki mzizini huita ukungu usiku huo huo. Huipanda mingi pamoja katika chungu kimoja, kwa kuwa ikiwa pamoja hutunziana unyevu. Huipa vipande vidogo vya mkaa uliooshwa na magome, si udongo, kwani okidi za mitini hazikuzoea udongo na mizizi yake huoza humo. Maji ya mvua ni aula kuliko ya kisima. Huifunika kwa karatasi ya nailoni angavu, akaiweka kivulini, na baada ya siku kadhaa huanza kuufunua mfuniko, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka majani mapya yaje yaliyofunzwa na hewa. Yale ya zamani mengi hayabadiliki. Huyavumilia tu mpaka yaanguke. Huchukua majuma kabla mche haujaweza kusimama wazi, na miaka, mitatu, mitano, au zaidi kwa kadiri ya jamii yake, kabla haujatoa ua.

Kazi hii haina tofauti kubwa na kumlikiza mtoto. Sheria ya Kiislamu haikuliacha jambo hilo kwa matakwa ya mtu mmoja, bali ililifungamanisha na ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili, kwa kuwa kumwachisha mtoto ziwa ni kumhamisha kutoka riziki moja hadi nyingine, na katikati ya riziki mbili ndipo anapoweza kupotea. Kinachonigusa ni hii katikati. Chupani mche una riziki. Mtini, ukishakomaa, una riziki. Hatari yote imo katika zile siku ambazo moja imekoma na nyingine haijaanza, na siku hizo hazina mlezi mwingine isipokuwa yule aliyeukata kutoka njia yake ya asili.

Miche mingine hufa. Hufa hata mikononi mwa wajuzi. Na hapo huja maneno tuliyoyazoea sana, kwamba ndiyo majaliwa, haikuandikiwa. Siyakanushi, nayaamini kwa moyo wangu wote. Lakini napinga yasemwe mapema. Ghazali yule yule aliyesema kwamba moto hauunguzi kwa dhati yake, alipofika katika kitabu chake cha Ihya kuandika juu ya tawakuli, alisema kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kuunyosha mkono, akidai kwamba anamtegemea Mungu, huyo hana tawakuli, ana wazimu. Sioni mgongano baina ya vitabu viwili hivi. Kitabu cha kwanza kinatunyima kiburi cha kudhani kwamba mkono wetu ndio uoteshao. Cha pili kinatunyima udhuru wa kuukunja. Anayeifungua chupa wakati wa kiangazi kwa kuwa ana haraka ya kuona maua, kisha akasema haikuandikiwa, amemsingizia Mola wake taksiri iliyo yake mwenyewe, na hilo naliona ni kosa zito kuliko kufa kwa mche.

Dhima hii haiishii nyumbani. Sheria ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, iliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, imeziorodhesha takriban okidi zote za dunia, ili zisisafirishwe kati ya nchi na nchi pasipo hati. Lakini kwa jamii zilizo nyingi mno imeiacha nje miche iliyooteshwa maabarani ikisafirishwa katika vyombo vilivyozibwa, visivyo na vijidudu. Hekima yake ni wazi: kila mche uliotoka chupani ni mmea mmoja usiohitaji kung'olewa mwituni. Naiunga mkono sheria hiyo kwa nguvu, hasa nikikumbuka yanayotendeka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako viazi vya okidi za ardhini huchimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia vikapikwe chikanda, na ambako uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Anayechimba kiazi kile ameuondoa mmea wote, na mbegu zake zote ambazo zingengoja kuvu. Chupa ingeweza kurudisha kitu pale. Ila okidi inayorudishwa Kitulo haiwezi kuishi kwa sukari ya Knudson. Lazima imkute mwenzi wake wa asili udongoni, na kwa sababu hiyo wako wataalamu ambao, badala ya sukari, huzipanda mbegu pamoja na kuvu yenyewe, katika chombo kimoja, toka siku ya kwanza. Kwa ua la dirishani naona sukari inatosha. Kwa ua linalokusudiwa kurudi nyikani, mlezi mwaminifu ni yule anayemrudisha mwenzi kazini, kisha yeye akajiuzulu.

Na huku kwetu tatizo halikuanza na okidi, limeanza na mti. Okidi ya mitini, kama ile ya Afrika yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa kama ya chui, ambayo Uganda ni moja ya nchi zake, huhitaji tawi lililozeeka, lenye gome la kushikika na kivuli kisichozidi; na matawi kama hayo yamepungua sana baina ya Arua na Koboko. Miti imeliwa na majiko ya kukaushia tumbaku, imeliwa na tanuri za matofali na za mkaa, na ule mti mkubwa wa beyo umekatwa kwa mbao mpaka mataifa yakakubaliana mwaka 2022 kuuwekea mipaka ya biashara. Mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku mkaa wa biashara katika kaskazini ya Uganda. Hata hivyo mkaa ninaoulizia sokoni kwa ajili ya vyungu vya miche ni wa miti hiyo hiyo, na jambo hilo linanisumbua kiasi cha kutosha kunifanya nitumie ule tu unaobaki katika jiko la nyumbani.

Niliporudi kwa sheikh nikamweleza yote haya, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza miche yangu ya chupani, ikiisha kuwa mikubwa, nitaifunga katika mti gani. Nilimwambia kwamba ua wetu una mwembe mmoja tu. Akasema mwembe mmoja hautoshi miche arobaini, na kwamba mwenye kulea kitu ambacho kitaishi juu ya mti imempasa aupande mti kwanza, kwa kuwa mti ndio unaochelewa. Mvua zilipoanza nilipata miche mitatu ya beyo, nikaipanda upande wa mashariki ya nyumba. Mti wa namna hiyo huchukua muda mrefu kuliko umri uliobaki kwa sheikh, na pengine kuliko uliobaki kwangu, kabla tawi lake halijafaa kwa okidi. Kwa hiyo nimewaonyesha watoto mahali ilipo, na jinsi ya kuizungushia miiba ili mbuzi wasiifikie.